Maneno ya wazee wa Iroquois si ya kupamba kalenda

Mhariri, salaam. Ile makala yenu kuhusu wazee wa Iroquois na mazingira nimeisoma yote, nimeisoma hapa Masese, mwalo wetu wa wavuvi hapa Jinja Uganda, mukene wangu, yaani dagaa, wakiwa wanakauka, na nimeona niandike kwasababu mmewafanya wale wazee kama babu wa kwenye ngano za watoto, yaani mtu mpole amekaa chini ya mti anaongea maneno matamu kuhusu ndege na maua, sisi wasomaji tunatikisa kichwa tunasema eeh hawa watu wana hekima, alafu gazeti linaenda kufungia samaki. Na mimi magazeti yenu nafungia mukene, siwafichi, ila huo ukurasa nimeuweka kando.

Wale wazee si wapole namna hiyo banange. Wao wenyewe wanajiita Haudenosaunee, ni mataifa sita, Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora ambao walijiunga baadaye kidogo kwenye miaka ya 1720, wako upande wa jimbo la New York huko Marekani na wengine wako Kanada. Baraza lao la machifu liko mpaka leo. Wana hata pasipoti zao, na mwaka 2010 timu yao ya lacrosse, ule mchezo wa mpira wa kurusha kwa fimbo zenye wavu, ilikosa mashindano ya dunia kule Manchester kwasababu Uingereza ilizikataa hizo pasipoti na vijana nao wakagoma kusafiri na za Marekani au Kanada, wakarudi nyumbani na vifaa vyao begani. Mtu anayekubali kukosa kombe la dunia kwa ajili ya kitabu kidogo cha pasipoti huyo ana msimamo, na ukitaka kumsikiliza kwenye mambo ya mito na misitu inabidi umsikilize na huo msimamo wake.

Sasa mliandika kwamba wanashukuru maumbile kabla ya mikutano, mstari mmoja tu mkapita. Hapo ndo palikuwa pa kukaa. Kwao kikao hakifunguliwi bila mtu kusimama kutoa yale maneno ya shukrani, na yana mpangilio wake, anaanza na watu, anakuja kwa ardhi ambayo ni mama, anaenda kwa maji, samaki, mimea, mazao ya shambani, miti shamba ya dawa, wanyama, miti, ndege, pepo nne, ngurumo wanaoleta mvua, jua, mwezi ambaye wanamwita bibi, nyota, mpaka anafika kwa Muumba. Kila akimaliza kundi moja anasema sasa akili zetu ni moja, na waliokaa wanakubali, ndo anaendelea na lingine. Msemaji anaweza kufupisha au akaenda mrefu kabisa, hakuna anayemharakisha. Baada ya hapo ndo mnaingia kwenye biashara yenu iliyowaleta, iwe ni kesi, iwe ni mpaka, iwe ni pesa.

Sisi mikutano yetu mnaijua. Wimbo wa taifa, wimbo wa Busoga, sala, alafu itifaki imezingatiwa lakini bado mshereheshaji anazingatia tena, mheshimiwa huyu, mheshimiwa yule, mwakilishi wa mheshimiwa ambaye hakuweza kufika, jua linapanda sisi wa nyuma tunapepea na karatasi. Sisemi itifaki ni mbaya. Nasema angalieni nani anatajwa na nani hatajwi, kwasababu mtu ukishasimama mbele ya watu ukawashukuru samaki na maji kwa majina, na wote wamekubali, alafu ajenda namba tatu ni kumruhusu tajiri ajaze udongo wa maramu kwenye kinamasi ambapo wale samaki wanazalia, hata kama huna haya kidogo utababaika. Ile shukrani ni kama mzani uliowekwa mezani kabla mteja hajaingia, kila mtu anauona, ni vigumu kuiba.

Nitawapa mfano wa bwawa kwasababu sisi wa Jinja mambo ya mabwawa ndo maisha yetu. Mwaka 1794 serikali ya Marekani chini ya George Washington ilisaini mkataba na hawa mataifa sita pale Canandaigua, ukasema ardhi ya Seneca ni ya Seneca na Marekani haitawasumbua. Sasa ikafika miaka ya 1950 wakubwa wakataka kujenga bwawa la Kinzua kwenye mto Allegheny ili mji wa Pittsburgh usipate mafuriko. Wazee wa Seneca hawakulia tu, walimchukua injinia Arthur Morgan ambaye aliwahi kuwa mwenyekiti wa ile mamlaka ya mabwawa ya Tennessee, akawaonyesha wakubwa kwamba kuna njia nyingine ya kupitisha maji bila kuzamisha ardhi ya watu. Wakaenda mahakamani wakashindwa. Wakamwandikia rais Kennedy, mwaka 1961 akawajibu kwamba haiwezekani kulisimamisha. Bwawa likakamilika 1965, ekari kama 10,000 za Seneca zikaingia kwenye maji, watu wapatao 600 wakahamishwa, nyumba zikachomwa moto ili wasirudi, na hata makaburi yakafukuliwa likiwemo la chifu wao mkubwa Cornplanter. Mkataba ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya 160 na hakuna aliyeufuta, waliuruka tu.

Nikisoma hiyo naona Bujagali, yale maporomoko yetu ya mto Nile hapa Jinja. Maporomoko ya Ripon yalishazama 1954 bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa, hayo sisi tumeyasikia tu kwa akina jjajja, babu na bibi zetu, lakini ya Bujagali tuliyaona kwa macho yetu, wale vijana waliokuwa wanarukia maji na jerikani tuliwaona, na bwawa likazinduliwa Oktoba 2012, megawati 250. Roho Budhagali wa Wasoga aliombwa kwa ibada ahame apishe mashine na wazee wenyewe hawakukubaliana kama amehama au hapana. Wengine walicheka ile habari, magazeti yakaandika eti mizimu inazuia maendeleo. Mimi ni mtu wa msikiti sina shughuli na mizimu lakini sikucheka, kwasababu wale wazee walikuwa wanauliza kitu ambacho hata benki zilizotoa mkopo zilitakiwa kuuliza, hapa mahali ni pa nani na nani amekubali. Umeme tunautumia, na bei ya umeme wa bwawa lile imelalamikiwa mpaka bungeni, hiyo tuiache.

Alafu mwaka 2020 ziwa likapanda, mnakumbuka, mialo ikazama, vibanda vyetu vikaenda, na mwezi wa nne kipande kikubwa cha kisiwa kinachoelea, mafunjo na magugu na udongo wake, kikakatika kikasafiri mpaka kikaingia kwenye mitambo ya umeme hapa Jinja na nchi nzima ikawa giza. Nchi nzima kwa sababu ya majani! Wataalam wakaeleza mambo ya mvua nyingi na kingo za ziwa zilizovurugwa, watu wanalima mpaka majini, wanajenga mpaka majini. Mzee wa Onondaga angekuwepo nadhani angesema mnaona, majani nayo yana kura.

Na hapa niwaambie hawa Onondaga yaliyowapata. Wana ziwa lao, Ziwa Onondaga, liko pale Syracuse, kwao ni mahali patakatifu kwasababu ndo palepale yule Mpatanishi wao alipowaunganisha mataifa matano ya mwanzo waache kuuana, akapanda mti wa amani, silaha zikazikwa chini yake. Hilo ziwa likaja kuwa moja ya maziwa machafu kabisa Marekani. Kinyesi cha mji, uchafu wa viwanda vya magadi, na zebaki, viwanda vilimwaga zebaki kwa miaka mingi kuanzia 1946 mpaka 1970. Kuogelea kulipigwa marufuku 1940, kuvua kukapigwa marufuku 1970. Fikirini ziwa ambalo mvuvi haruhusiwi kutia nyavu. Mimi nikifikiria hilo mwili unasisimka kwasababu huku Masese maji yakitulia asubuhi yanakuwa kijani kama rangi, ukichota unaona inateleza mkononi, na yule mwanamke mwenzangu anayeosha mukene anasubiri upepo uje usukume ile kijani ndo achote. Hiyo ni mbolea ya mashamba na kinyesi cha miji kinachoshuka bila kupita kwenye mafunjo, kwasababu mafunjo ndo yalikuwa yanachuja, mizizi yake inashika uchafu na kuula, na tumeyakata tumepanda magimbi na nyumba za kupangisha.

Wazee wa Onondaga walifanyaje? Machi 2005 walifungua kesi mahakama ya shirikisho dhidi ya jimbo la New York na makampuni kadhaa, kuhusu ardhi yao yote ya zamani, na hapa ndo nawaomba wasomaji wasikilize, hawakudai watu wafukuzwe. Walisema wazi hawatamtoa mtu kwenye nyumba yake, wao waliotolewa wanajua ladha yake. Walichotaka ni kutambuliwa kwamba ardhi ilichukuliwa kinyume cha sheria, ili wapate nguvu ya kusimamia usafishaji wa maji na ardhi, na wakaandika kabisa kwamba wanatafuta uponyaji kati yao na wote wanaokaa pale. Mahakama mwaka 2010 ikawatupa nje, eti wamechelewa sana, watu wameshazoea. 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa hata kuwasikiliza. Wakapeleka malalamiko yao kwenye tume ya haki za binadamu ya nchi za Amerika. Na wakati huohuo wakaendelea kusukuma, matope ya sumu yakaanza kuchotwa ziwani 2012, na mwaka 2024 wakarudishiwa ekari zaidi ya 1,000 kwenye bonde la Tully, kule kijito kinachoingia kwenye lile ziwa kinapoanzia. Si nyingi ukilinganisha na walizonyang'anywa. Lakini wameanzia kwenye chanzo cha maji, wanajua wanachofanya.

Sasa nije kwa wanawake, hapa ndo makala yenu iliniudhi kidogo, mmeandika wazee wazee wazee kama vile wote wana ndevu. Kwa hawa watu ukoo unapita kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kuna kobe, dubu, mbwa mwitu na wengine. Na kila ukoo una mama wa ukoo, huyu ndo anachagua nani awe chifu, anamkalia macho, na chifu akipotoka mama anamuonya, akirudia anamuonya, mara ya tatu anavuliwa pembe. Pembe kwelikweli, kofia ya uchifu ina pembe za paa, akivuliwa amerudi kuwa mtu wa kawaida. Hakuna kusubiri miaka mitano. Na katika ile sheria yao kuu ya amani chifu anapowekwa anaambiwa ngozi yake iwe na unene wa shubiri saba, ili maneno ya watu yasimpenye akakasirika. Huku ukituma sauti moja WhatsApp kuhusu diwani ameuza kinamasi kesho unaitwa kituoni kueleza ulikuwa unamaanisha nini.

Watu wengi wanapenda kunukuu habari ya vizazi saba, kwamba chifu anapoamua afikirie watoto ambao bado wako chini ya ardhi hawajazaliwa. Nzuri sana, naiona mpaka kwenye tisheti za semina. Lakini hayo mawazo ya vizazi saba yana meno kwasababu kuna mama amekaa pembeni mwenye uwezo wa kumvua mtu pembe. Ondoa huyo mama, kinabaki kibango.

Sisi pia tuna koo na miziro, yaani mnyama au kitu ambacho ukoo unakiheshimu na haukili, tusijifanye tunafundishwa na Wamarekani. Buganda peke yake ina koo zaidi ya 50, kuna kima, chui, uyoga, kuna mamba yule samaki wa matopeni. Nina mteja wangu wa ukoo wa mamba, ukimpimia sato kwenye mzani uliotoka kubeba mamba anakwambia nnyabo osha kwanza, na mimi naosha, namheshimu. Bwana huyohuyo ndo dalali wa viwanja vya kwenye kinamasi cha mafunjo, kulekule mamba anakochimba shimo lake la kulala wakati wa kiangazi. Loli zinamwaga maramu usiku, asubuhi kiwanja kiko tayari, na mchana yeye anakuja kwangu kununua sato na kuniambia osha mzani. Samaki anamheshimu kwenye sahani tu. Hakuna mama wa ukoo wake wa kumwita akamwambia wewe mtoto, hii mara ya kwanza.

Wala tusiwafanye malaika hawa Iroquois. Karne ya 17 walipigana vita vya miaka mingi na majirani zao kwa ajili ya ngozi za biva, yule mnyama anayekata miti akajenga mabwawa kwenye mito, Wazungu walizitaka ngozi kwa ajili ya kofia, bunduki zikaingia, na biva wakaisha kwenye maeneo mengi. Kwa hiyo nao soko liliwahi kuwabeba. Mimi hilo linanifanya niwaamini zaidi, mtu aliyewahi kumaliza mnyama akaona matokeo yake anaongea tofauti na mtu wa semina.

Hilo la soko Wasoga tunalijua. Wale wanawake wa Iroquois walikuwa wanapanda mahindi, maharage na maboga tuta moja, wanayaita dada watatu, mahindi yanasimama maharage yanapanda juu yake, maharage yanarudisha rutuba kwenye udongo, boga linafunika chini jua lisikaushe na magugu yasiote. Na haya mazao yote matatu yalikuja Afrika kutoka upande huo wa dunia, na mama yangu alikuwa anayachanganya hivohivo bila kuambiwa na mtu. Nendeni leo njia ya Mayuge, Luuka, Kaliro, muwa umefika mpaka mlangoni, mtu akifungua dirisha majani ya miwa yanaingia ndani, muwa mmoja unangoja zaidi ya mwaka kabla ya kuvunwa na bei ikishuka familia inanunua unga wa posho dukani ilhali inakaa katikati ya shamba. Na kwenye kutia saini ya kukodisha shamba kwa ajili ya miwa mara nyingi ni baba peke yake, mama anajua siku trekta imefika.

Nimalizie na hili. Mwaka 1977 ujumbe wa Haudenosaunee ulienda Geneva kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa, na mzee Oren Lyons wa Onondaga akawaambia wakubwa pale kwamba haoni wajumbe wa wanyama wa miguu minne, haoni kiti cha tai. Ilionekana kama mashairi. Sasa nani anajua kwamba Uganda imeshaweka hicho kiti kwenye sheria? Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, kifungu cha 4, inasema maumbile yana haki ya kuwepo, kuendelea, na kujirudishia mizunguko yake ya uhai, na inasema mtu anaweza kwenda mahakamani haki hizo zikivunjwa. Ni mtu yeyote, hata wa mukene. Tulikuwa kati ya nchi za kwanza Afrika kuandika hivo, na nimewauliza watu hapa mwaloni, wavuvi, wa boda, hata diwani mmoja, hakuna aliyekuwa anaijua, diwani aliniambia labda hiyo ni ya Kenya.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni dogo. Kichapisheni hicho kifungu kwa Kiswahili, chote, kwa herufi kubwa, kwasababu Kiingereza cha sheria hata waliosoma kinawachosha na serikali yenyewe mwaka 2022 ilisema Kiswahili sasa ni lugha rasmi. Wekeni na namna mtu anavyofungua hiyo kesi, anaanzia ofisi gani, analipa nini. Tutakikata tukibandike kwenye mbao za mwaloni, Masese na Wairaka, na kwenye mkutano ujao wa bajeti wa divisheni sisi wanawake wa mukene tumeshakubaliana mmoja wetu atasimama akisome kabla mwenyekiti hajaanza kutaja waheshimiwa, na wakimkatisha mtaandika kwenye gazeti nani alimkatisha.

Mama wa mukene,
Masese, Jinja